Tathmini ya QMK: Kibodi Inayoandika Ng' kwa Kitufe Kimoja

Kazi yangu ni kuchapa. Nina steshenari Kirumba, jijini Mwanza, na wanaoniletea kazi ni walimu wenye mitihani iliyoandikwa kwa mkono, makatibu wa vikundi vya wavuvi wenye mihtasari ya vikao, na familia zinazohitaji ratiba ya mazishi ichapwe na kudurufiwa kabla ya jioni. Katika kanda hii majina ya Kisukuma kama Ng'wandu na Ng'washi hayakosekani katika orodha za mahudhurio, na kila yanapotokea kidole kidogo cha mkono wa kulia hulazimika kujinyoosha kuifuata alama ya ritifaa. Anayechapa ukurasa mmoja kwa wiki hawezi kuliona hilo kuwa tatizo, lakini anayechapa kutwa nzima huenda nalo nyumbani kama maumivu ya kiungo. Ndiyo sababu, kwa miezi saba sasa, nimekuwa nikitumia programu dhibiti ya QMK katika kibodi yangu ya vitufe 61, na ninaitathmini hapa kwa ajili ya wenzangu wanaoishi kwa kuchapa Kiswahili.

QMK hukaa ndani ya kibodi yenyewe, katika chipu ndogo inayoamua ni ishara gani itumwe kwenye kompyuta pale kitufe kinapobonyezwa. Ilitokana na TMK, programu ya Jun Wako, na msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL, toleo la 2 la mwaka 1991, kwa hiyo yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuusambaza bila malipo. Kwangu mimi faida yake kubwa ni kwamba mpangilio wa vitufe haubaki kwenye kompyuta. Ninapoitwa kuchapa katika ofisi ya shule fulani Igoma au Buhongwa, huchomeka kibodi yangu kwa waya wa USB na kuanza kazi, bila kusakinisha kitu chochote katika mashine ambayo si yangu.

Njia rahisi ya kuanza ni QMK Configurator, ukurasa wa intaneti unaokuonyesha picha ya kibodi yako, ukaburuta herufi hadi unapozitaka, kisha ukapakua faili lililo tayari. Anayetaka tu kuhamisha Ctrl au kuongeza tabaka la namba, yaani mpangilio wa pili juu ya vitufe vilevile, atamaliza kwa nusu saa. Mimi niliishia hapo kwa wiki mbili, kisha nikakwama, kwa sababu ukurasa huo hauna mahali pa kuandika msimbo wako mwenyewe, na nilichokitaka hakikuwamo katika orodha yake ya vitufe.

Kiswahili sanifu hakitumii herufi Q wala X. Vitufe viwili vilivyo mahali pazuri, karibu kabisa na vidole, hukaa bure kutwa nzima huku tukihangaika na herufi mbili au tatu kwa sauti moja. Mwanzoni niliamua kwamba kitufe cha C kitoe «ch», kwa kuwa katika maneno ya Kiswahili C haitokei bila H. Uamuzi huo ulidumu siku moja, hadi ilipokuja orodha ya wanakwaya yenye akina Lucas, Cosmas, Francis na Scholastica. Nikairudisha C kama ilivyokuwa, nikaipa X kazi ya kutoa «ch» na Q kazi ya kutoa «ng'». Kitufe kikishikiliwa badala ya kuguswa, hutoa herufi yake ya asili, hivyo Felix na Alex bado wanaandikika. Kwa mitihani ya hisabati, ambamo mwanafunzi huambiwa atafute thamani ya x katika kila swali, nimeweka kitufe cha kulizima tabaka lote la Kiswahili.

Ili kufika huko ilinibidi nipakue msimbo wote, na hapo nawatahadharisha wanaotegemea bando la simu: upakuaji wa mara ya kwanza ni mkubwa, kwa hiyo ufanyeni mahali penye intaneti isiyopimwa. Baada ya hapo kazi inahusu mafaili matatu, yaani keymap.c lenye mpangilio wa vitufe, config.h lenye vipimo, na rules.mk linalowasha na kuzima huduma mbalimbali. Lugha inayotumika ni C, na maelezo rasmi niliyoyafuata yameandikwa kwa Kiingereza. Yamepangwa vizuri, tena yana mifano mingi, lakini humchukulia msomaji kuwa mtu aliyewahi kukompaili programu, yaani kuugeuza msimbo kuwa faili ambalo chipu inalielewa, jambo ambalo mimi sikuwa nimelifanya kamwe.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kuiagiza kibodi itume «n», «g» na ritifaa kwa mfululizo. Katika «ng'ombe» na «nang'oa» lilifanya kazi vizuri sana. Nilipoandika jina Ng'wandu huku nimeshikilia Shift, kikatoka «NG"wandu», kwa kuwa Shift iliziathiri alama zote tatu na kuigeuza ritifaa kuwa alama ya kunukuu. Dawa yake ni kuandika ndani ya process_record_user, sehemu ya msimbo inayoitwa kila kitufe kinapobonyezwa, maagizo ya kuangalia kama Shift imeshikiliwa, kutuma herufi ya kwanza ikiwa kubwa, kuiondoa Shift kwa muda, kutuma zinazobaki, kisha kuirudisha. Kosa la pili lilinichanganya zaidi. Kila nilipobonyeza Ctrl pamoja na X ili kukata aya, kompyuta ilipokea Ctrl+C ikifuatwa na Ctrl+H, hivyo aya ilinakiliwa badala ya kukatwa na dirisha la kutafuta na kubadilisha maneno likafunguka. Sasa msimbo wangu huangalia Ctrl kwanza, na ikiwa imeshikiliwa hutuma X ya kawaida. Ilinichukua jioni nne kuyapanga hayo yote, na sijutii hata moja.

Ushauri mmoja unaotolewa sana na watumiaji wa QMK siupendekezi kwa mchapaji wa Kiswahili, nao ni ule wa kuzipa herufi za safu ya katikati kazi ya pili ya Ctrl au Shift zinaposhikiliwa. Kibodi hutofautisha kugusa na kushikilia kwa muda wa milisekunde 200 usipoubadili, na katika lugha ambayo A hujirudia mara tatu katika neno «kamata», kidole kinachochelewa kidogo tu juu ya A hugeuza neno kuwa amri. Q na X hazina hatari hiyo.

Kibodi yangu ina chipu ya ATmega32U4, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, na sehemu ya nafasi hiyo imeshikwa na programu ndogo ya kuanzishia. Mara mbili nilikataliwa kwa kuwa faili lilizidi nafasi iliyobaki. Niliwasha LTO, huduma inayopunguza ukubwa wa faili, katika rules.mk, nikazima taa za rangi na vitufe vya kuendeshea kipanya, likaenea.

Kuflashi kwenyewe, yaani kuliingiza faili jipya katika chipu, ni kazi ya sekunde chache, na fundi yeyote wa simu hapa mjini ataielewa mara moja. Wekeni kibodi nyingine karibu, kwa sababu inayoflashiwa haiandiki. Umeme uliwahi kukatika nikiwa katikati ya kazi hiyo, nikadhani nimeiua kibodi, lakini programu ya kuanzishia hukaa katika eneo lake la kumbukumbu na haikuguswa. Umeme uliporudi nilirudia tangu mwanzo, ikaamka.

Kasoro moja haina dawa ndani ya QMK. Kibodi hutuma namba za vitufe, wala haitumi herufi zenyewe, kwa hiyo nilipoichomeka kwenye laptopu ya mteja kutoka Bujumbura, iliyopangwa kwa Kifaransa, kila A ilitoka Q. Lazima mpangilio wa kompyuta uwe wa Kiingereza. Pia wanaotaka kibodi isiyo na waya wanapaswa kuitazama ZMK, ambayo ni mradi mwingine huria uliojengwa kwa ajili hiyo.

Naipa QMK alama tisa kati ya kumi, na ile moja naikata kwa ugumu wa mwanzo. Kabla ya kununua kibodi, tafuteni jina lake kamili katika orodha ya zile zinazotambuliwa na mradi, ambazo ni zaidi ya elfu moja. Kibodi yangu ya kwanza ilitangazwa na muuzaji wake kuwa «inapangika», kumbe ilipangika kwa programu yake ya siri tu, na hadi leo Q yake hutoa Q.