Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 au Black Ops 6, mwendo upi mtamu?

Huu ubishi hauishi, kila gemu ya kupigana risasi ya Call of Duty ikija na mwendo mpya, yaani namna mchezaji anavyokimbia na kuruka, watu wanagawanyika. Waliokuwepo 2016 wanakumbuka Infinite Warfare na mijeti yake mgongoni, trela ilikula dislaiki zaidi ya milioni 3, mwaka uliofuata wakaturudisha ardhini na gemu ya WWII.

Modern Warfare ya 2019 inataka uvumilivu, unaegemeza bunduki kwenye kona ya ukuta, mtutu unatulia, unamsubiri mtu afungue mlango. Mgeni anaizoea haraka na hata intaneti ikisuasua kidogo unaweza kuponea. Kasoro ni wale jamaa wa kujibanza kona moja mechi nzima, wanaboa aisee.

Black Ops 6 ya 2024 ni habari nyingine kabisa, unakimbia, unateleza, unajirusha upande wowote hata kinyumenyume huku unafyatua, yaani mjibanza kona anashtukia ushamtokea ubavuni. Hapa inashinda kwa raha. Ila vidole sasa! Kama pedi yako haina vitufe vya nyuma, kila ukiteleza dole gumba linaachia analogi (kijiti) ya kulengea, labda uweke mpangilio wa vitufe wa Tactical ili uteleze kwa kubonyeza analogi yenyewe. Na ukikaa wiki mbili bila kucheza mkono unakuwa mzito.

Nafasi? La 2019 likiwa na Warzone (ile sehemu yake ya bure ya mapambano ya watu wengi) kwenye PC lilivuka GB 200, jipange.

Ukitoka kazini umechoka na una kasaa kamoja tu, 2019 itakufaa, ila mwenye faiba na muda wa kufanya mazoezi aende Black Ops 6.