Dawa ya kupe ipi ununue kwanza: mwongozo kwa wenye mbwa wa Mwanza

Anayetembea na mbwa wake nje ya lami hapa Mwanza hachelewi kukutana na kupe. Njia za miguu za Luchelele, vilima vya Buswelu, mashamba kuanzia Kisesa kuelekea Magu: kote huko ng'ombe na mbuzi hupita kila siku, na palipopita ng'ombe kupe hakosekani. Vuli ikianza mwezi Oktoba, na tena masika ya Machi hadi Mei, nyasi hufika magotini na hali huwa mbaya zaidi. Kupe haruki, wala hadondoki kutoka mtini kama wengi wanavyodhani. Hupanda ncha ya jani, hunyoosha miguu ya mbele, kisha humsubiri anayepita.

Sasa ingia duka la dawa za mifugo useme unataka dawa ya kupe ya mbwa. Mara nyingi utaonyeshwa chupa ya kuogeshea ng'ombe. "Bosi, ni ileile tu, unapunguza kipimo." Hapo ndipo hela hupotea, na wakati mwingine na mbwa pia. Katika kupanga dawa hizi nimetanguliza swali moja: mbwa akiingia ziwani, dawa inabaki? Mbwa wa huku huogelea, utake usitake. Swali la pili ni gharama ya mwezi mmoja, maana bei iliyoandikwa kwenye boksi peke yake hudanganya.

1. Kidonge cha kutafuna

Kama mfuko unaruhusu, anza hapa. Bravecto, yenye fluralaner, hulinda wiki 12. NexGard, yenye afoxolaner, ni ya mwezi mmoja, na Simparica, yenye sarolaner, hufika siku 35 hivi. Dawa huingia kwenye damu, kupe akinyonya anakufa. Maji ya ziwa hayaigusi, mvua haiigusi, na watoto wanaomkumbatia mbwa hawashiki dawa manyoyani.

Bravecto itakushtua bei, lakini gawa kwa miezi karibu mitatu ndipo uilinganishe na nyingine. Mpe mbwa pamoja na chakula, maana tumbo tupu huifanya isifyonzwe vizuri.

Vidonge hivi huuzwa kwa uzito wa mbwa, kwa hiyo mpime kabla hujatoka nyumbani: panda naye kwenye mizani, kisha toa uzito wako. Wapo wanaonunua kidonge cha mbwa mkubwa na kukikata kwa ajili ya wadogo wawili ili kuokoa hela. Usifanye hivyo. Kidonge hakikutengenezwa kugawanywa, na huwezi kujua nusu ipi imebeba dawa nyingi. Kwa sababu hiyohiyo, muuzaji akikutolea kidonge kimoja bila boksi, mwombe boksi lenyewe, usome uzito, tarehe ya mwisho ya matumizi na namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Akisita, nenda duka jingine.

Ina kasoro zake. Kupe lazima aume kwanza ndipo afe, na vijidudu vya ehrlichia, ugonjwa unaoletwa na kupe wa kahawia wa mbwa, vinaweza kupita ndani ya saa chache tu. Mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe kabla ya kuonana na daktari wa mifugo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2018 kwa kundi lote la dawa hizi. Kitoto cha mbwa ambacho hakijafika wiki nane, au hakijafika kilo mbili, kisubiri.

2. Mkanda wa shingoni, lakini ule wa kweli

Seresto, ambao kwingine huuzwa kwa jina la Foresto, una imidacloprid na flumethrin na hufanya kazi hadi miezi 8. Uzuri wake ni kwamba kupe wengi hufa au hukimbia kabla ya kuuma. Tatizo letu ni ziwa: mbwa anayeoga au kuogelea mara kwa mara hufupisha muda huo. Kwa mbwa wa Igoma anayelinda geti na kutembezwa Jumapili, ningeuweka namba moja. Ufunge hivi kwamba vidole viwili vinapita kati ya mkanda na shingo.

Mikanda bandia ya jina hili ipo duniani. Ukiuona kwa robo ya bei ya kawaida, umeshajua. Na ile mikanda ya plastiki yenye kengele inayouzwa barabarani kama "ya kupe" bila kutaja dawa iliyomo ni pambo tu.

3. Matone ya mgongoni

Fipronil, ambayo wengi huijua kwa jina la Frontline, hudondoshwa kwenye ngozi kati ya mabega, na kwa kupe hulinda mwezi mmoja hivi. Mbwa asioge siku mbili kabla wala siku mbili baada ya kupakwa. Kwa mbwa wa ufukweni sharti hilo peke yake linaishusha hadi hapa.

Kwa paka mambo yanageuka, na matone ya fipronil ya paka ndiyo ninayoyatanguliza. Soma boksi mara mbili. Matone ya mbwa yenye permethrin humwua paka, na amitraz, dawa ya kuogeshea, pia si ya paka. Sungura naye asipakwe fipronil kabisa.

4. Dawa ya kuogeshea

Ni rahisi, ipo kila kona, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Chupa ya amitraz ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji. Mililita mbili hupimwa kwa bomba la sindano. Kifuniko cha chupa si kipimo. Vaa glovu, fanya kazi nje penye hewa, usimwoshe mwenye vidonda wala kitoto cha chini ya miezi minne. Mbwa akilegea, akatapika au mapigo ya moyo yakawa ya polepole, amezidiwa na dawa, apelekwe kwa daktari. Na kinga yenyewe ni ya siku chache tu, utarudia tena na tena.

Pale inapostahili hela yako ni bandani. Kupe wa kahawia haishi porini tu. Hupanda ukuta, hujificha kwenye nyufa, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Unaweza kumpa mbwa kidonge bora duniani, na banda likaendelea kuzalisha. Toa matandiko uyachome, ziba nyufa, nyunyiza dawa ya kuta, na mbwa akae nje mpaka pakauke.

Maji yanayobaki yasimwagwe ziwani wala kwenye mtaro unaoshuka ziwani, na mbwa aliyetoka kuogeshwa asipelekwe majini. Dawa nyingine za kuogeshea, za jamii ya cypermethrin na deltamethrin, huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Wewe mwenyewe, ukishuka ziwani kumsuuza, unajitafutia kichocho.

Na wewe je?

Kwa binadamu ningeanza na soksi. Suruali ndefu ya rangi nyepesi iliyochomekwa ndani ya soksi ndefu au gambuti huzuia kupe wengi, na rangi nyepesi hukuonyesha kupe akitambaa. Baada ya hapo nunua losheni ya kujipaka yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30. Losheni nyingi za mbu zina DEET, ila geuza chupa usome kiwango. Cha chini hulinda kwa muda mfupi. Isiguse miwani wala kava la simu, hula plastiki. Ukipata dawa ya nguo yenye permethrin ya asilimia 0.5, nyunyiza viatu na suruali, viache vikauke kabisa, na paka wako asivikaribie vikiwa vibichi.

Ukirudi, vua nguo na ujikague: nyuma ya magoti, kinenani, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio. Watoto wa kupe ni kama punje za ufuta, kwa hiyo pitisha na mkono. Ukipata homa siku kadhaa baadaye, na hasa ukiona kidonda chenye kigaga cheusi, mwambie daktari kwamba uliumwa na kupe au ulipita porini. Kipimo cha malaria kikitoka safi mtu huambiwa apumzike, kumbe ni homa ya kupe, na doxycycline huitibu.

Anayelala kijijini kwenye nyumba ya udongo ana adui mwingine, papasi. Huyu hutoka ufa usiku, hunyonya nusu saa hivi na kurudi, kwa hiyo asubuhi humwoni. Huleta homa inayokwisha na kurudi. Hapa nunua chandarua chenye dawa, kisha sogeza kitanda mbali na ukuta.

Kitu cha bei ndogo ambacho kila mwenye mbwa anapaswa kuwa nacho ni kibano chenye ncha nyembamba. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu, moja kwa moja, bila kuzungusha wala kumminya tumbo. Safisha kwa spiriti. Mafuta ya taa, kiberiti na mafuta ya mgando havimtoi haraka, na huweza kumfanya ateme mate zaidi ndani ya jeraha. Oili chafu ya gari, ambayo bado wapo wanaompaka mbwa, huchoma ngozi, na mbwa huilamba yote akaugua tumbo na ini, huku kupe wa masikioni wakiwa palepale.