Mihula miwili katika kituo cha wanafunzi wenye changamoto za kihisia na kitabia, Tabora mjini

Mpwa wangu alipofika darasa la tatu alikuwa amekwisha kupita shule mbili za msingi ndani ya Manispaa ya Tabora, na katika kila shule barua ya kumwondoa ilibeba malalamiko yaleyale: anapindua dawati, anatupa madaftari ya wenzake, anatoka darasani bila ruhusa na akirudishwa anauma. Majirani wa Isevya walimshauri dada yangu ampeleke kwa mganga, mwalimu mmoja akashauri fimbo ziongezwe, na mimi, niliye mjomba na mlipaji wa ada, nikampeleka katika kituo cha binafsi kinachofundisha masomo ya kawaida ya shule ya msingi huku kikiwasaidia watoto walioshindwa kukaa katika darasa la kawaida kwa sababu ya hisia na tabia zao. Jina la kituo nimeliacha makusudi, kwa kuwa kina watoto 22 tu na mji wetu ni mdogo.

Mapokezi yao yalinishangaza kwa urefu. Mwalimu aliyetusikiliza hakuanza na makosa ya mtoto, bali alimuuliza dada yangu kuhusu ujauzito, uzazi, degedege za utotoni, saa za kulala, na ni nani nyumbani aliyefariki au kuhama katika miaka ya karibuni. (Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka sita, jambo ambalo hakuna shule iliyowahi kutuuliza.) Kisha akakataa kumpokea mpaka masikio na macho yake yapimwe. Tulikwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete tukiwa tumenuna, tukarudi tukiwa tumenyamaza: ngoma ya sikio la kushoto ilikuwa imetoboka kutokana na usaha wa muda mrefu, na mtoto tuliyekuwa tukimwita kaidi alikuwa hasikii sehemu kubwa ya anayoambiwa akiwa ameketi nyuma ya darasa. Sikio lilitibiwa, ukaidi ukapungua lakini haukuisha, na hapo ndipo kazi yenyewe ya kituo ilipoanza.

Kwa wiki mbili za kwanza hawakujaribu kumrekebisha. Msaidizi wa darasa alikaa karibu naye na daftari lenye safu tatu: kilichotangulia, alichokifanya mtoto, na kilichofuata baada ya hapo. Niliposikia habari hiyo nilidhani nimelipa ada ili mtoto wetu aandikwe maelezo kama mshukiwa kituo cha polisi. Wiki ya tatu tuliitwa, tukaonyeshwa kurasa zenyewe. Kati ya vurugu 14 zilizoandikwa, 11 zilitokea dakika chache kabla ya zamu yake ya kusoma kwa sauti, na karibu zote ziliisha kwa yeye kutolewa nje. Mwalimu akatuuliza swali moja tu: mtoto asiyejua kusoma, akishagundua kwamba kupindua dawati kunamwokoa na vicheko vya wenzake, kwa nini asilipindue? Kumbe shule mbili zilikuwa zikimlipa ujira kila siku kwa kitendo kilekile zilichotaka kukikomesha, na sisi nyumbani tulikuwa tukifanya vivyo hivyo kila alipolia akaachiwa kazi ya shule ilale. Kama kituo kile kisingenipa kingine chochote zaidi ya kurasa zile, bado nisingedai ada yangu irudishwe.

Hatua iliyofuata ilikuwa na pande mbili, na wazazi wengi wanaotembelea kituo huona upande mmoja tu. Upande unaoonekana ni kadi ya njano: mtoto akihisi kifua kinabana anaiweka juu ya meza bila kusema neno, anapewa dakika tano chini ya mwembe, kisha anarudi kwenye kazi ileile aliyoiacha. Kazi yenyewe ilipunguzwa, ikawa mistari mitatu badala ya ukurasa mzima, tena anaisoma kwanza akiwa peke yake na mwalimu kabla ya kuisoma mbele ya wenzake. Upande usioonekana ni kwamba alianza kufundishwa kusoma upya tangu silabi, nusu saa kila asubuhi kabla ya uji, kwa muda wa miezi mitano. Bila somo hilo la asubuhi kadi ingekuwa mlango mwingine wa kutorokea. Mama mmoja aliyeiga kadi nyumbani kwake alinilalamikia kwamba mwanawe sasa anaitoa hata akiambiwa akaoge.

Nilivutiwa pia na namna wanavyozungumza na mtoto baada ya dhoruba kupita. Mbinu hiyo ina asili ya mbali: Fritz Redl, mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, aliiendeleza kutokana na kazi yake na watoto wakali mjini Detroit katika miaka ya 1940, akishikilia kwamba anayefaa kuzungumza na mtoto ni mtu mzima anayeishi naye siku hadi siku, karibu na mahali ugomvi ulipotokea na wakati tukio likiwa bado bichi, badala ya kumsubirisha mpaka siku ya mnasihi. Niliiona ikifanyika kando ya bomba la maji. Mwalimu alichuchumaa mbele ya mtoto aliyekuwa amemwagia mwenzake ndoo nzima, akamwambia, “Nisimulie tangu mlipopanga foleni,” kisha akanyamaza muda mrefu kuliko ambavyo mimi ningeweza kuvumilia. Simulizi ilipokwisha hakukuwa na hotuba. Mtoto alijaza ndoo ya mwenzake na kuibeba hadi jikoni.

Fimbo hazipo kabisa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni, lakini uongozi wa kituo umeamua kutoitumia ruhusa hiyo. Dada yangu, aliyelelewa kwa bakora kama mimi, bado anauona uamuzi huo kuwa ni kudekeza, na tumekubaliana kutobishana mbele ya mtoto.

Chumba cha utulivu nilikikagua mwenyewe: kina mkeka, dirisha pana, mtungi wa maji na mlango usio na komeo. Kumshika mtoto kwa nguvu hufanywa pale tu anapoelekea kujiumiza au kumuumiza mwingine, hufanywa na watu wazima wawili, na halazwi kifudifudi hata kidogo, kwa sababu mtoto aliyelazwa hivyo na kukandamizwa mgongoni anaweza kushindwa kupumua. Maelezo hayo yaliniridhisha. Kisichoniridhisha ni kwamba mpwa wangu alishikwa mara mbili mwezi Aprili, na habari ya mara ya pili niliipata kwa mtoto mwenyewe siku ya Jumamosi. Nilipoomba kuona kitabu cha matukio nilizungushwa kwa siku tisa. Watu wanaojua kuandika kwa makini kiasi kile darasani hawana udhuru wa kuchelewa kuandika mistari miwili kwa mlezi jioni ileile.

Kasoro nyingine nazitaja kwa ufupi. Kiwanja kimepakana na karakana ya kuchomelea vyuma, na mlio wa mashine ya kukatia chuma huwasumbua hata watoto watulivu. Ripoti ya nusu mwaka iliandikwa kwa Kiingereza, kurasa nne, ilhali anayeshinda na mtoto nyumbani ni bibi yake aliyesoma shule kwa Kiswahili. Mjomba ndiye aliyegeuka mkalimani. Lililouma zaidi ni kuondoka, mwezi Agosti, kwa msaidizi wa darasa aliyekuwa mlezi wake. Aliondoka Ijumaa, watoto wakaambiwa Jumatatu, na mpwa wangu, ambaye tayari anajua maana ya mtu kuondoka bila kuaga, alirudia kuuma kwa wiki tatu.

Udhaifu mkubwa, hata hivyo, uko kwenye kumrudisha mtoto katika shule ya kawaida. Tabora si mgeni wa elimu maalumu: shule ya viziwi imekuwepo tangu mwaka 1963, na shule ya Furaha imewasomesha wasioona kwa miaka mingi. Lakini mtoto asiyeona akiingia darasani kila mtu anaelewa kwamba anahitaji nyenzo tofauti, wakati huyu wetu anaonekana mzima, anaruka kamba na kucheza mpira, hivyo kosa lake la kwanza huhesabiwa kuwa tabia mbaya. Tuliahidiwa kwamba mwalimu wa kituo atakaa katika darasa jipya kwa wiki ya kwanza. Iliyotumwa ni barua. Mwalimu mpokeaji, mwenye wanafunzi zaidi ya 90 na ubao mmoja, aliiangalia kadi ya njano akaniuliza kwa upole kabisa, “Mjomba, na hawa wengine nao niwape za rangi gani?” Sikuwa na jibu, na kwa kweli halikuwa jibu langu kutoa. Siku ya nne dawati lilipinduliwa, na tukarudi kituoni.

Ada ni shilingi 350,000 kwa muhula, pamoja na uji wa karanga na chakula cha mchana. Usafiri ni juu ya mzazi, na bodaboda yetu hula shilingi 2,000 kwa siku. Kwa fedha hiyo nakipendekeza kituo kwa familia yenye mtu mzima anayeweza kufika kila Ijumaa kwenye kikao cha walezi, kwa kuwa yanayofanyika pale hayashiki kama nyumbani hayajulikani. Anayetaka kumwacha mtoto Januari na kumchukua Desemba akiwa ametengenezwa kama baiskeli asipoteze nauli yake.

Mpwa wangu sasa anasoma ukurasa wa hadithi bila kadi, isipokuwa siku ambazo karakana ina kazi nyingi. Mwezi Januari atajaribu tena shule ya kawaida kwa siku mbili za wiki, na safari hii sikulipa mpaka mkuu wa kituo aliposaini karatasi inayosema ni mwalimu gani atakayekwenda naye, siku zipi, na atakaa darasani kwa saa ngapi. Mwezi Machi nitaandika hapa kama sahihi hiyo iliheshimiwa.