Vichaka vya Maua kwa Tuta la Mbele Lenye Jua: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mnunuzi wa vichaka vya maua huingia kitaluni akiongozwa na macho, na wauzaji wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana miche iliyochanua kuliko mingine hupangwa karibu na lango. Ua lililo juu ya mche siku ya kununua halielezi mengi zaidi ya rangi yake. Halimwambii mnunuzi kichaka kitafikia upana gani baada ya miaka mitatu, wala kitavumilia ukame kwa kiasi gani. Kwa sababu hiyo nimepanga vichaka hivi kwa kigezo kimoja, nacho ni namna kila kimoja kinavyojimudu katika jua kali pale mwenye nyumba anaposahau kukimwagilia au kukipogoa, kwa kuwa tuta la mbele huonwa kila siku lakini ni wachache wanaolihudumia kila siku.

Kabla ya kwenda kununua, inafaa kwanza kulitazama tuta lenyewe asubuhi, adhuhuri na alasiri. Vichaka nitakavyovitaja vinahitaji angalau saa 6 za jua la moja kwa moja kwa siku, na tuta linalopata jua la asubuhi tu kisha likafunikwa na kivuli cha paa haliwezi kuhesabiwa kuwa la jua. Kisha upimwe upana kutoka ukutani hadi ukingo wa njia. Kichaka kitakachokuwa na upana wa mita 2 kinatakiwa kupandwa mita 1 kutoka ukutani, hata kama mche wenyewe leo hauzidi unene wa ndoo. Wanaopuuza hesabu hii ndio wanaokata matawi kila mwezi na kushangaa kwa nini hawaoni maua. Jambo la tatu ni baridi. Mpangilio huu ni wa maeneo yasiyopata jalidi, yaani baridi ya kugandisha, kwa sababu vichaka vyake vingi ni vya nchi za joto na jalidi kali huviua. Panapoganda, waridi hupanda hadi nafasi ya kwanza, na lavenda huifuata mradi udongo hautuamishi maji.

Nafasi ya kwanza naipa plumbago, ingawa kitaluni mara nyingi huonekana mche mnyonge wenye matawi machache yaliyolala. Asili yake ni Afrika Kusini, na maua yake ni ya buluu ya anga, rangi ambayo ni adimu miongoni mwa vichaka vya jua. Ipo pia aina nyeupe. Sifa yake kubwa ni kwamba huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo anayeikata bila huruma huzawadiwa maua mengi zaidi, na hata asiyejua kupogoa hawezi kuiharibu kwa urahisi. Ikikatwa mara mbili au tatu kwa mwaka hukaa katika upana wa mita 1.5, na ikishashika mizizi huvumilia wiki kadhaa za ukame. Haina miiba, na vipepeo huipenda. Kasoro yake ni kutambaa: ikiachwa, huegemea kila kilicho jirani, na vikonyo vya maua yake vina unato unaonasa kwenye nguo za wapitao, hivyo isipandwe mahali ambapo watu huipangusa wakielekea mlangoni.

Bogenvilia ingekuwa ya kwanza kama si miiba. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliikusanya nchini Brazili akiwa katika safari ya kuizunguka dunia iliyoongozwa na Louis Antoine de Bougainville, iliyoanza mwaka 1766, na mmea ukapewa jina la kiongozi huyo. Kile tunachokiita ua si ua hasa, bali ni majani matatu yaliyogeuka rangi na kuyazunguka maua madogo meupe yaliyo katikati. Kwa kuwa ni majani, hudumu kwa wiki nyingi, na hii ndiyo siri ya bogenvilia kuonekana imechanua daima. Anayeinunua lazima akubaliane na tabia yake ya ajabu: inachanua vizuri inapobanwa. Maji mengi na mbolea yenye naitrojeni nyingi huipa matawi marefu ya kijani yasiyo na rangi yoyote, na wengi huilaumu miche yao ilhali kosa ni ukarimu wao wenyewe. Kwa tuta la mbele, aulize aina fupi zinazokua kama kichaka, kwa maana zile za kutambaa hupita mita 10 zikipata pa kushika. Wakati wa kupanda, kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa mche, kichanwe taratibu na udongo ubaki umeshikamana, kwa kuwa mizizi yake haipendi kabisa kutikiswa.

Haibiskasi ni ya tatu. Ua lake kubwa kwa kawaida hudumu siku moja tu kisha husinyaa, lakini kichaka chenye afya hufungua mengine kesho yake, na majani yake yanayong’aa hupendeza hata pasipo maua. Kinachoishusha ni kiu na wadudu. Ikikauka sana, au mwagiliaji akibadili ratiba ghafla, matumba hudondoka kabla ya kufunguka. Mnunuzi ageuze majani na kuangalia upande wa chini: akiona vidukari, nzi weupe, au utando mweupe unaofanana na pamba kwenye maungio ya matawi, auache mche huo hata ukiwa umechanua namna gani, kwa sababu atakuwa anabeba wadudu kwenda kuwagawia vichaka vingine nyumbani.

Asumini naiweka ya nne kwa ajili ya harufu peke yake. Maua yake meupe hufunguka jioni na mengi hudondoka asubuhi, kwa hiyo humfaa zaidi mtu anayerudi nyumbani jua linapozama kuliko yule anayetaka tuta lipendeze saa sita mchana. Huhitaji maji ya wastani na kufungwa kidogo, kwani matawi yake hulegea.

Waridi ni suala la tabia ya mtunzaji. Sijaona kichaka kinachomlipa mtu makini vizuri zaidi ya hiki, wala kinachomwaibisha mzembe haraka zaidi. Penye unyevunyevu mwingi majani hupata madoa meusi yanayosababishwa na kuvu, kisha hugeuka manjano na kupukutika. Dawa ya kwanza ni kumwagilia chini kwenye shina, asubuhi, bila kulowesha majani. Miche mingi ya waridi imepandikizwa juu ya shina la aina nyingine, na chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu la pandikizi liondolewe mapema, la sivyo baada ya muda mwenye nyumba atajikuta anatunza shina lile badala ya waridi alilonunua.

Iksora ingestahili nafasi ya juu kwa umbo lake lililoshikana na vishada vyake vyekundu, ila ina tatizo ambalo nililijua kwa kulipa gharama. Niliipanda kando ya ukuta uliopigwa plasta, na ndani ya mwaka majani yakawa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mmea huu unataka udongo wenye asidi, ilhali saruji na chokaa huufanya udongo wa kandokando ya ukuta kuwa na alikali, hali inayoizuia mizizi kufyonza chuma. Kwa kuwa tuta la mbele karibu daima hupakana na saruji, iksora inafaa zaidi kupandwa kwenye chungu kikubwa.

Lantana ni ya mwisho kati ya ninavyovikubali, na kwa sharti zito. Inastahimili ukame kuliko karibu zote nilizotaja, lakini aina ya kawaida, Lantana camara, ni miongoni mwa magugu vamizi mabaya zaidi duniani: ndege hula matunda yake na kuzisambaza mbegu mbali, na majani yake huwadhuru mifugo. Inunuliwe ile isiyozaa mbegu tu, na kama muuzaji hawezi kuthibitisha hilo, isinunuliwe. Oleanda nimeiacha nje kabisa kwa tuta ambalo watoto na wanyama hulifikia, kwa kuwa kila sehemu yake ina sumu inayoathiri moyo, na hata moshi wa matawi yake yanayochomwa ni hatari. Kwa tuta jembamba lisilofika sentimita 60 kuna Euphorbia milii ya Madagaska, yenye miiba na utomvu unaowasha, lakini isiyodai karibu chochote.

Baada ya kuamua aina, uchaguzi wa mche mmojammoja haupaswi kuwa wa haraka. Mche bora ni ule wenye matawi kadhaa yanayoanzia chini, majani ya kijani yaliyokolea na matumba mengi kuliko maua yaliyofunguka. Mwombe muuzaji autoe kwenye kiriba au chombo chake: mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba, mche umekaa humo muda mrefu mno. Shimo liwe na upana mara mbili ya chombo na kina kilekile, na matandazo ya sentimita 5 hivi yasiguse shina.

Kuhusu idadi, nashauri aina moja irudiwe badala ya kukusanya mmoja wa kila aina. Tuta lenye urefu wa mita 5 linatoshwa na plumbago tatu, zikiachiana mita 1.5. Mwaka wa kwanza litaonekana tupu, na mapengo hayo yajazwe kwa maua ya msimu mmoja yatakayong’olewa vichaka vinapoanza kugusana.