Mwito wa mkiani: umwachie kompaila au umlazimishe?

"Kaka, kwenye mwito wa mkiani, kipi bora: kumwachia kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine) aamue, au kumlazimisha?" Swali hili hunifuata hadi barazani Shangani, Mtwara, kila vijana wakiandika programu ya mizani ya korosho.

Funksheni (kipande cha programu chenye kazi yake) ikimalizia kwa kuita nyingine, huo ndio mwito wa mkiani: haina cha kurudia. Ni kama kumpa bodaboda mzigo wa Mikindani, malipo amalizane na mpokeaji: huna haja ya kumsubiri kijiweni. Basi kompaila, akichagua amri za mashine, huweka jmp (ruka tu) badala ya call (ita, kisha rudi), na nafasi ileile ya staki, kumbukumbu ya miito inayoendelea, hutumika tena.

Ukimwachia, kompaila za C, GCC na Clang, hufanya hivyo kwenye -O2 (kiwango cha uboreshaji) bila wewe kugusa kitu. Tabu yake ni ukimya. Linux ya x86-64 (prosesa za Intel na AMD) hupitisha hoja, yaani data inayopewa funksheni, sita za kwanza za namba kamili kwenye rejista, vihifadhi vidogo ndani ya prosesa. Zikizidi, na staki ya mwitaji haina nafasi ya kutosha, kompaila anarudia call wala hakwambii. Kwenye -O0 (bila uboreshaji) ndiyo kabisa: mistari ya data ikiwa mingi, na kila mmoja ukileta mwito mpya, MB 8 za kawaida za staki hujaa na programu inakufa.

Kumlazimisha ni kwa alama ya musttail unayoiandika kwenye msimbo, nayo haina aibu hiyo. Ikishindikana, kompaila hukataa papo hapo. Ila inadai Clang 13 ya 2021 au GCC 15 ya 2025, na Clang hutaka funksheni zote mbili zifanane aina za hoja. Kusaka hitilafu? Kote fremu, kumbukumbu za nani alimwita nani, hupotea.

Unaandika mkalimani wa lugha, mwenye miruko mamilioni? Mimi ningelazimisha. Kwa ripoti ya mizani inayopaswa kukubali kompyuta yoyote, hata kitanzi (loop) cha kawaida kinatosha.