Uzoefu wangu na mashua ya tanga ya kukokota kwa gari, bahari inapochafuka

Swali ninaloulizwa kila mara na wenzetu wa huku kusini mwa Uingereza wanaotaka kununua mashua ndogo ya tanga, ile ya kupakia kwenye trela na kukokota kwa gari, ni hili: bahari ikichafuka, itapinduka? Yangu nimekwenda nayo misimu kadhaa kwenye mlango wa Solent, kati ya kisiwa cha Wight na bara, na nje kidogo upande wa mashariki. Jibu langu ni kwamba si chombo cha kupinduka ovyo, na pia si chombo cha kwenda nacho popote. Hapo katikati kuna mambo ambayo aliyeniuzia hakuyagusa hata kidogo. Yeye alinionyesha magodoro, jiko na taa.

Ni mashua ya futi 19, ya fiberglasi, iliyotumika kabla yangu. Ina chumba kidogo cha kulala wawili, mlingoti unaolazwa na watu wawili, na mashine ya farasi 6 nyuma. Jina la kiwanda naliacha, kwa sababu karibu yote nitakayosema utayakuta kwenye mashua nyingi za kipimo hiki. Uzito wake ni kama tani moja. Ukijumlisha trela, mashine na vyombo unakokota tani moja na nusu hivi. Kwa sheria za hapa hilo si tatizo tena: tangu Desemba 2021 mwenye leseni ya kawaida ya gari anaruhusiwa kuvuta trela ya hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, mradi gari lenyewe liwe na uwezo huo.

Ila wepesi huo wa barabarani unalipiwa baharini. Mashua ya kukaa juu ya trela haiwezi kuwa na mkuku (ule uti unaoshuka majini chini ya chombo) mrefu wa kudumu uliojaa madini ya risasi. Wangu ni bamba nene la chuma linalopandishwa na kushushwa kwa winchi. Likiwa juu, mashua inahitaji maji ya chini ya nusu mita, unaingia nayo hata kwenye vijito vya matope. Likiwa chini, inahitaji mita 1.2. Tofauti hiyo ndiyo usalama wenyewe.

Shemeji yangu alipokuja kututembelea kutoka Kilwa, mtu aliyekulia kwenye majahazi, hakuuliza habari za magodoro. Aliingia ndani, akainama, akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole.

"Shemeji, farumi ya chombo hiki, huo uzito wa chini wa kukishikilia, iko wapi?"

Nikamwambia nyingine imemiminwa chini ya sakafu kiwandani, nyingine ni lile bamba.

"Na bamba likirudi juu?"

"Farumi imerudi juu nalo."

Akataka aonyeshwe kinacholizuia lisirudi. Nikamwonyesha pini ya chuma cha pua, unene wa kidole cha shahada, inayopita kwenye tundu la boksi la mkuku. Akaichomoa, akaitazama, akairudisha na kuhakikisha imekaa. Swali lile la mzee wa majahazi ndilo ambalo kila mnunuzi angepaswa kuanza nalo.

Maana mashua hizi hudanganya mwanzoni. Zina upana mzuri kwa urefu wake, kwa hiyo ukikanyaga ukingoni haiyumbi sana, na upepo wa kawaida unailaza kidogo tu kisha inakaa. Huo ni uthabiti wa upana, na unafanya kazi mashua ikiwa imelala kidogo. Ikishalala sana, upana hauna tena msaada; kinachoirudisha ni uzito ulio chini. Chombo kinachojiona imara kwenye gati kinaweza kuwa na uwezo mdogo sana wa kuinuka kikilazwa na wimbi.

Nilitaka kuliona hilo kwa macho badala ya kulisoma kwenye karatasi. Siku ya maji matulivu, ndani ya bandari, rafiki zangu wawili walishika kamba ndefu iliyofungwa kwenye henza (kamba ya kupandishia tanga) kileleni mwa mlingoti, wakasimama gatini na kuvuta, mpaka mlingoti ukalala juu ya maji. Mimi nilikuwa ndani ya maji kando, nimevaa jaketi okozi, nikitazama. Mkuku ukiwa chini na pini imefungwa, walipolegeza kamba mashua iliinuka bila kusitasita. Tukachomoa pini, tukavuta tena. Safari hii nilisikia mlio mzito ndani ya boksi: bamba limejirudia lenyewe, kwa sababu mashua ikilala kabisa hakuna cha kulivuta kwenda nje. Walipolegeza, mashua ilibaki imelala, ikiyumba polepole kama haijaamua. Ikabidi tuisukume.

Jaribio lile lilinionyesha na jambo la pili. Chini ya viti vya nyuma kuna masanduku ya kuwekea kamba na maboya, na mifuniko yake haikuwa na komeo lolote. Mashua ilipolala, mfuniko wa upande wa chini ulijifungua na maji yakaingia moja kwa moja kwenye tumbo la chombo. Bila kuwapo watu wa kuvuta, dakika chache zingetosha kuizamisha. Makomeo mawili ya kubana na mpira wa kuzuia maji havikunigharimu hata bei ya chakula cha jioni cha familia. Hilo sijalielewa mpaka leo: mtu anatengeneza chombo, anakipamba kwa mbao nzuri, halafu anaacha tundu la kiasi kile.

Kuna mashua za trela za namna nyingine, ambazo farumi yake ni maji. Unashusha mashua majini, unafungua valvu, tangi la chini linajaa, unafunga. Ukitoka unalimwaga, na gari linavuta chombo chepesi. Nimesafiri na rafiki yangu mwenye moja ya hizo. Inakwenda vizuri, lakini ina tabia ya kulala haraka mwanzoni kabla haijakaza, kwa kuwa maji yaliyo ndani ya maji hayana uzito wa kukurudisha mpaka yaanze kunyanyuka juu ya usawa wa bahari. Tangi hilo ama lijae kabisa, ama usitoke. Lililojaa nusu ni baya sana, maji yanakimbilia upande ule ule unaolala. Tarehe 4 Julai 2002, kwenye ziwa Champlain huko Marekani, mashua ya futi 26 ya aina hii ilipinduka ikiwa imebeba watu wengi mno na tangi halikujazwa. Watoto wawili walifia ndani ya chumba chake.

Sisi tunaotoka Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa uzito wa watu ni kitu gani. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, Septemba 2018, gati likionekana, ikiwa imezidisha abiria kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kwa hiyo ninaposema kibandiko cha mashua yangu kinaruhusu watu wanne na mimi sipakii wa tano, wageni wasione nawanyima. Watu wanne wazima kwenye chombo cha tani moja ni zaidi ya robo ya uzito wake, na uzito huo wote umekaa juu. Wakihamia upande mmoja kupiga picha, utaona kana, mpini wa usukani, inavyokukaza mkononi.

Sasa habari ya bahari yenyewe. Solent ina mkondo mkali, na upepo wake mwingi unatoka kusini-magharibi. Mkondo na upepo vikipishana, mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama wima. Jahazi refu lingeyakanyaga. Mashua ya futi 19 inaingia kila shimo. Inakwenda mrama, inalowesha, inachosha, na kwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, inapoteza mwendo kila ikigonga. Lakini tanga likipunguzwa mapema, mkuku uko chini na vibao vya mlango wa chumba vimewekwa, sijawahi kuiona ikifanya jambo la kunitisha katika maji ya namna hiyo.

Mahali pa kuogopa ni kwingine. Mlangoni mwa bandari ya Chichester kuna fungu la mchanga, na maji juu yake ni haba. Maji yakiwa yanatoka bandarini, na upepo mkali unasukuma mawimbi kutoka kusini, pale bahari inavunjika. Mamlaka ya bandari inashauri mtu asivuke katika hali hiyo. Tulikuwa tunarudi kutoka Bembridge, kisiwani Wight, mimi, mke wangu na huyo shemeji. Mvua ilituchelewesha, upepo ukapanda kutoka daraja la 5 hadi la 6 kwa kipimo cha Beaufort cha nguvu ya upepo, na tulipokaribia maji yalikuwa yameshaanza kupwa. Kwa mbali tuliona mstari mweupe ukitokea na kupotea mbele ya nguzo ya West Pole. Shemeji aliutazama kidogo tu, akasema, "Pale si njia." Hatukujadiliana. Tuligeuza omo, mbele ya chombo, kuelekea bandari ya Portsmouth.

Zilikuwa maili sita hivi, upepo ukitujia ubavuni kwa mbele. Tanga kuu tulilipunguza mara mbili, la mbele tukaacha kipande tu. Wimbi moja lilipanda upande wa joshi na kujaza sehemu ya kukaa mpaka juu ya vifundo vya miguu. Matundu mawili ya kutolea maji yalifanya kazi, lakini taratibu mno. Shemeji alichukua ndoo akaanza kufua maji bila kuambiwa. Chumbani halikuingia tone, kwa sababu vibao vilikuwa mahali pake na masanduku yamekomewa. Tulipita kwenye uwazi wa ukuta uliozama unaotoka Southsea kwenda ngome ya Horse Sand, tukawasha mashine, tukaingia Portsmouth kwa njia ya vyombo vidogo upande wa magharibi. Gari na trela vilikuwa kisiwani Hayling, kando ya bandari ya Chichester. Nikavifuata kesho yake kwa treni hadi Havant na basi. Usumbufu wenyewe ni huo tu.

Vibandiko vya mashua zinazouzwa Ulaya vina herufi. Yangu ni C: upepo usiozidi daraja la 6, mawimbi hadi mita 2. Wengi wanasoma hapo na kudhani wimbi lolote la mita 2 linavumilika. Baada ya mashindano ya Fastnet ya Agosti 1979, ambamo mabaharia 15 walikufa, Chuo Kikuu cha Southampton kilifanya majaribio ya mifano ya vyombo kwenye tangi. Wimbi linalovunjika, lenye kimo cha asilimia 30 tu ya urefu wa chombo, likikipata ubavuni linaweza kukipindua. Likifika asilimia 60, karibu hakuna chombo kinachosalimika. Kwa mashua yangu, asilimia 30 ni mita 1.7. Mita 2 za kibandiko ni za mawimbi ya kawaida yanayopita chini yako, si za wimbi linalokuangukia. Mlangoni mwa Chichester siku ile hatukuwa na haja ya kupima.

Nilichobadilisha zaidi ya makomeo: matundu ya maji nimeyapanua, betri nimeifunga kwa mkanda imara (ukiikuta imewekwa tu kwenye boksi, fikiria itaruka wapi mashua ikilala), na nimeweka kamba ya kujifungia kwenye jaketi okozi. Redio ya VHF ya mkononi nayo si pambo.

Trela ndiyo iliyonisumbua kuliko chombo. Breki zake zilishika kutu kwa sababu ya kuzamishwa kwenye maji ya chumvi, na fundi wa kwanza alizipaka rangi akanirudishia. Siku hizi naziosha kwa maji yasiyo na chumvi kila nikitoka, hata kama kuna giza.

Kwa mtu mwenye familia ndogo, asiye na hela ya kulipia gati mwaka mzima, anayeridhika kukaa ndani ya Solent, Poole au Chichester na kurudi nyumbani upepo ukizidi, ningemwambia anunue kesho. Anayetaka kuvuka kwenda Ufaransa atafute chombo kikubwa zaidi chenye mkuku wa kudumu. Na anayekwenda kuikagua mashua Jumamosi hii, kabla hajafungua kabati la vyombo, aombe aonyeshwe pini ya mkuku.