Pete ya ubingwa au kipande cha wavu?

UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) walipoifunga Purdue 75–60 mwaka 2024 na kutetea ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo Marekani, walikata wavu wa kikapu palepale uwanjani. Unapanda ngazi, mkasi mkononi, unakata kauzi kako, kocha humalizia. Desturi hiyo ilipata umaarufu kupitia kocha Everett Case wa North Carolina State, mwaka 1947.

Pete huja miezi baadaye. Kila mtu hupimwa kidole, kisha jina na namba ya jezi huchongwa ubavuni, nembo ya chuo juu, vito pembeni. Nyingi ni kubwa mno kuvaliwa kila siku, hukaa kabatini.

Kwa kumbukumbu, mimi nachagua uzi. Kwa kutambia wajukuu, pete, hata kama vito ni vya bandia.